Kuhamia Texas: namna ya kupima faida na hasara za jimbo hili kabla hujafunga mizigo

Mtu anayefikiria kuhamia Texas kwa kawaida amekwisha kusikia mambo mawili: kwamba jimbo hilo halitozi kodi ya mapato, na kwamba fedha ya nyumba ndogo ya Boston au Seattle huko hununua nyumba yenye vyumba vinne na uwanja wa nyuma. Yote mawili yana ukweli. Hata hivyo, jimbo linalokusamehe kodi moja halijaacha kujenga barabara wala kulipa walimu. Fedha hizo huzipata kwa njia nyingine, na njia hizo hazionekani kwenye karatasi ya mshahara. Zimo katika bili ya kodi ya nyumba, na juu yake zipo gharama nyingine katika bima ya gari, katika umeme wa mwezi Agosti, na katika gharama za hospitali za mtu ambaye kazi yake haitoi bima.

Kwa maoni yangu, Texas humfaa mtu mwenye vitu vinne: kipato cha uhakika, gari, bima ya afya inayotoka kazini na makaratasi yaliyonyooka. Mwenye vyote vinne atapiga hatua haraka kuliko katika majimbo mengi ya kaskazini. Anayekosa kimoja ataishi kwa kubanwa, na anayekosa viwili ni vyema asubiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji wa Kiswahili ambaye tayari yupo Marekani katika jimbo jingine, au anayetarajia kufika moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, na hatua zake zimepangwa kwa utaratibu ambao mtu anapaswa kufanya uamuzi, kwa sababu jibu la hatua moja linaweza kukuzuia kuendelea na inayofuata.

Hatua ya kwanza: Piga hesabu ya kodi zote

Tangu marekebisho yaliyopigiwa kura Novemba 2019, katiba ya Texas inalizuia bunge la jimbo kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo faida hii si ya msimu. Mfanyakazi asiye na mwenzi anayepata dola 70,000 kwa mwaka huko Massachusetts, ambako kiwango ni asilimia 5, hulilipa jimbo takribani dola 3,300. Akihamia Texas na mshahara uleule, fedha hizo hubaki mikononi mwake. Kodi ya serikali kuu na makato ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na matibabu ya uzeeni, hayabadiliki, na inafaa kulisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaofika wakidhani nayo yamefutwa.

Upande wa pili wa hesabu una kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 6.25 ya jimbo pamoja na nyongeza ya miji na kaunti isiyozidi asilimia 2, hivyo katika miji mikubwa utalipa asilimia 8.25. Vyakula vibichi vya dukani na dawa zilizoandikwa na daktari havitozwi, lakini nguo, fanicha na chakula cha mgahawani hutozwa. Mwezi Agosti ipo wikiendi moja ambapo nguo, viatu na vifaa vingi vya shule vyenye bei chini ya dola 100 kwa kila kimoja husamehewa, nayo familia yenye watoto watatu ina sababu ya kuingoja.

Mzigo halisi uko kwenye kodi ya majengo. Hutozwa kwa pamoja na wilaya ya shule, kaunti, mji, na mara nyingi wilaya ya hospitali na chuo cha jamii, na jumla yake katika vitongoji vingi huzunguka asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Chukua mfano wa nyumba ya dola 300,000 unayoishi mwenyewe. Wapiga kura waliidhinisha Novemba 2025 kwamba dola 140,000 za thamani ya nyumba ya kuishi zisitozwe kodi ya shule. Ikiwa kiwango cha shule ni asilimia 1.1, utatozwa kwa dola 160,000 zilizobaki, yaani dola 1,760. Ikiwa viwango vingine vyote vinafika asilimia 1 na havina msamaha, utaongeza dola 3,000. Jumla ni dola 4,760. Weka tarakimu hiyo kando ya zile 3,300 za Massachusetts, kisha kumbuka kwamba hata Massachusetts mwenye nyumba hulipa kodi ya majengo, ila kwa kiwango cha chini zaidi. Mpangaji naye asidhani ameepuka, kwa kuwa mwenye nyumba huirudisha kodi hiyo ndani ya pango.

Kuna mitego mitatu ambayo huwakamata wageni kila mwaka. Msamaha wa nyumba ya kuishi, unaoandikwa kwenye fomu kama homestead exemption, hauji wenyewe. Ni lazima uuombe katika ofisi ya uthamini ya kaunti, na kuuomba ni bure, kwa hiyo barua inayokutaka utume fedha ili usajiliwe itupe. Ukishaupata, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na ukiona uthamini umezidi una haki ya kuupinga, kwa kawaida hadi tarehe 15 Mei. Mtego wa pili ni wa nyumba mpya: kodi ya mwaka wa kwanza mara nyingi huhesabiwa kwa kiwanja kitupu, kwa sababu nyumba haikuwapo tarehe 1 Januari, na malipo ya mwezi ya mkopo hupangwa kwa kodi hiyo ndogo. Mwaka unaofuata nyumba nzima inathaminiwa, benki inadai pengo lililojitokeza pamoja na kiwango kipya, na malipo ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola wakati mshahara uko palepale. Mtego wa tatu ni maeneo mapya ya pembezoni, hasa kuzunguka Houston, yenye wilaya za huduma zinazojulikana kwa herufi MUD, ambazo hutoza kodi ya ziada kulipia mabomba ya maji na mitaro ya maji taka. Nyumba mbili zinazofanana zilizotenganishwa na barabara moja zinaweza kupishana kodi kwa maelfu ya dola.

Hatua ya pili: Chagua mji

Texas ina kilomita za mraba zipatazo 695,000, ikiizidi Kenya nzima, ina kaunti 254 na watu wapatao milioni 31. Kutoka El Paso hadi Houston ni kilomita 1,200 hivi, na El Paso haifuati hata saa moja na miji mingine mikubwa ya jimbo. Kuuliza kama maisha ya Texas ni mazuri hakuna maana mpaka useme ni Texas ipi.

Eneo la Dallas na Fort Worth ndilo ninalolipendekeza kwa familia inayoanza, kwa sababu ajira zake zimechanganyika: maghala, hospitali, benki, uwanja mkubwa wa ndege na ofisi za kampuni. Kazi moja ikiporomoka, nyingine huwa haijaguswa. Wakenya na Wakongo ni wengi huko, na si vigumu kupata ibada ya Kiswahili au mtu wa kukuonyesha duka la kununulia unga. Kuhusu unga, angalizo dogo: unga wa mahindi wa Kimeksiko unaojaa kila rafu, masa, umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na ugali wake hunata na kuwa na ladha ya chapati za tortilla. Utafute unga mweupe wa kawaida katika maduka ya Waafrika. Nyama ya mbuzi haina shida, kwani Wameksiko nao wanaila, na maduka ya nyama halali yapo mengi.

Houston ina Texas Medical Center, ambayo hutajwa kuwa mkusanyiko mkubwa wa hospitali kuliko wote duniani, ina bandari na kampuni za mafuta, na unyevu wake ni wa kuwafanya watu wa Mombasa na Dar es Salaam wajisikie nyumbani kwa muda wa dakika kumi za kwanza. Tatizo lake ni mafuriko, na nitalirudia. Austin ina kazi za teknolojia na pango linalolingana nazo. San Antonio ni nafuu zaidi, ila mishahara nayo huelekea kuwa midogo. Abilene ilipokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na ni mji mtulivu wenye umbali mfupi kati ya nyumba na kazi. Amarillo ina viwanda vya nyama vinavyoajiri watu wasio na Kiingereza kingi, lakini kazi ni ngumu kwa mabega na mikono, na majira yake ya baridi si ya Texas unayoiona kwenye picha.

Fanya ziara mwezi Agosti. Wengi huenda kuangalia jimbo wakati wa sikukuu ya Thanksgiving mwezi Novemba, hewa ikiwa tulivu na ndugu wakiwa wamepika, na uamuzi wao wanaufanya wakiwa wameshiba. Nenda wakati joto limefika nyuzi 38 za Selsiasi, endesha gari saa moja asubuhi kutoka nyumba unayoitazama hadi kazini unakotarajia, kisha rudi saa kumi na moja jioni. Umbali unaosomeka kuwa dakika 25 usiku unaweza kuwa saa moja na robo.

Hatua ya tatu: Hakikisha kazi na leseni yake

Kima cha chini cha mshahara ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, na jimbo halijakiongeza. Waajiri wengi hulipa zaidi kwa sababu ya ushindani, lakini mfanyakazi aliyezoea sheria za Washington au Minnesota atakuta kwamba hapa ulinzi ni haba. Mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu, mradi asivunje sheria za ubaguzi na zinazofanana nazo. Jambo lisilojulikana sana, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko mshahara wenyewe, ni kwamba Texas ndiyo jimbo ambalo mwajiri binafsi anaweza kuchagua kutokuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi. Anayenyanyua wagonjwa au masanduku kwa riziki yake aulize swali hili siku ya mahojiano: ukiumia mgongo, nani atalipa?

Wauguzi wana utaratibu wao. Texas imo katika mkataba wa majimbo unaotambua leseni moja, kwa hiyo muuguzi mwenye leseni ya mkataba anaweza kuanza kazi, lakini akishahamisha makazi anatakiwa kuomba leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60. Anayetoka jimbo lisilo katika mkataba, kama Minnesota, huomba uhamisho wa leseni na kufanya mtihani mfupi wa sheria za uuguzi za Texas. Mwenye cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, naye huomba kuingizwa katika daftari la jimbo. Mambo haya yafanywe ukiwa bado na mshahara ulikotoka, kwa sababu kusubiri karatasi huku akiba inayeyuka kumewarudisha watu wengi walikotoka.

Hatua ya nne: Bima ya afya, ambayo ndiyo kizingiti

Hapa ndipo ninapowashauri wengine wasihame. Texas kwa miaka mingi imekuwa na sehemu kubwa ya watu wasio na bima kuliko jimbo lolote, na ni miongoni mwa majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ili iwafikie watu wazima wengi zaidi. Mtu mzima asiye na ulemavu wala watoto hapati Medicaid hata akiwa hana senti moja, na mzazi huipata tu akiwa katika umaskini wa kupindukia. Aliye chini ya mstari wa umaskini hupata pigo la pili, kwani ruzuku za soko la bima la serikali kuu huanzia kwenye mstari huo, hivyo anabaki katikati, huku hana na huku hana. Kwa familia inayotoka jimbo lililopanua Medicaid, ambako baba anayefanya kazi ya saa chache alitibiwa bila bili, badiliko hili peke yake linaweza kumeza akiba yote ya kodi ya mapato.

Watoto wana nafuu: Medicaid ya watoto na mpango wa CHIP huwahudumia wa familia zenye kipato kidogo, na mjamzito mwenye kipato kidogo anaweza kupata Medicaid hadi miezi 12 baada ya kujifungua. Asiye na bima aulizie wilaya ya hospitali ya kaunti yake, kama Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, Harris Health kwa Houston na University Health kwa San Antonio, ambazo zina mipango ya kupunguza gharama kwa wakazi wa kaunti husika. Hii ni sababu nyingine ya kuhakiki uko kaunti gani kabla ya kusaini mkataba wa pango, kwani huduma hufuata mpaka wa kaunti na kitongoji cha jirani kinaweza kuwa nje yake. Ukiwa ulikuwa na bima kabla ya kuhama, kuhama kwenyewe hukupa siku 60 za kununua nyingine kwenye soko bila kungoja msimu. Wanaopanga kupata mtoto wajue pia kwamba tangu 2022 utoaji mimba umepigwa marufuku isipokuwa maisha ya mama au kazi muhimu ya mwili wake ikiwa hatarini, na wazungumze na daktari mapema iwapo wana historia ya matatizo ya ujauzito.

Hatua ya tano: Gari

Treni za Dallas na Houston zipo, lakini hazikupeleki kwenye ghala la zamu ya usiku. Arlington, mji wenye wakazi wanaokaribia laki nne, hauna mtandao wa kawaida wa mabasi. Una magari madogo ya kuitwa kwa simu. Familia yenye watu wazima wawili wanaofanya kazi zamu tofauti itahitaji magari mawili, pamoja na bima mbili. Kiwango cha chini cha kisheria ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali, kiasi ambacho hakitoshi kulipia gari jipya la kawaida ulilogonga. Barabara za kulipia zimezunguka Dallas, Houston na Austin, na asiye na kibandiko cha malipo kwenye kioo hutumiwa bili kubwa zaidi kwa posta. Bili hizo zikienda kwenye anwani ya zamani, faini hulimbikizana kimyakimya hadi usajili wa gari unazuiwa.

Hatua ya sita: Nyumba na mkataba wa umeme

Wapangishaji wengi hutaka kipato cha mara tatu ya pango, historia ya mikopo na ya upangaji. Hakuna ukomo wa kupandisha pango mkataba unapokwisha, na anayechelewa kulipa anaweza kupewa notisi ya siku tatu tu ya kuhama kabla ya kufikishwa mahakamani. Haki mbili zikumbuke: mpangishaji anatakiwa kukueleza kama nyumba ilifurika katika miaka mitano iliyopita, na amana yako inapaswa kurudishwa ndani ya siku 30, mradi umemwachia anwani mpya kwa maandishi. Wengi huipoteza amana kwa kosa hilo dogo la kutoandika anwani.

Anayenunua asitazame bei peke yake. Udongo wa mfinyanzi wa ukanda wa Dallas hadi Austin huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa ukame, na msingi wa nyumba hupasuka. Ndiyo maana utawaona watu wakimwagilia maji kuzunguka nyumba wakati wa kiangazi pasipo na maua. Mlipe mkaguzi wa msingi aliye huru na dalali. Bima ya nyumba nayo ni ghali kwa sababu ya mvua ya mawe, na sehemu unayojilipia mwenyewe kwa uharibifu wa paa mara nyingi ni asilimia ya thamani iliyokatiwa bima: asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000 kabla bima haijatoa chochote. Umoja wa wamiliki wa nyumba wa mtaa, HOA, hutoza ada na unaweza kukudai mahakamani, au hata kuuza nyumba, kwa ada zisizolipwa.

Umeme unastahili jioni nzima ya kusoma. Katika sehemu kubwa ya jimbo, ikiwemo Dallas na Houston, soko liko huru tangu 2002 na wewe ndiye unayechagua kampuni. Austin na San Antonio hutumia shirika la mji na huna la kuchagua. Tovuti ya serikali ya kulinganisha bei inaitwa Power to Choose, na kasoro yake ni kwamba hupanga mikataba kwa bei ya matumizi ya uniti 1,000. Kampuni hutengeneza mikataba yenye punguzo linalotolewa pale tu unapofika uniti 1,000. Mwezi wa Machi ukitumia 940, punguzo linatoweka na bei ya kila uniti inapanda sana. Fungua karatasi ya maelezo ya mkataba, iitwayo Electricity Facts Label, utazame bei katika uniti 500, 1,000 na 2,000. Zikipishana kidogo, mkataba ni wa kweli. Chagua bei isiyobadilika ya miezi 12, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na ukihama nyumba kabla ya hapo toa uthibitisho wa kuhama ili usitozwe faini ya kuvunja mkataba.

Hatua ya saba: Jiandae kwa hali ya hewa

Joto ndilo la kila mwaka, na kiyoyozi hapa kihesabu pamoja na chakula. Lakini lililoua watu wengi kwa wiki moja ni baridi. Februari 2021 dhoruba ya theluji iliangusha gridi ya umeme ya Texas, ambayo kwa sehemu kubwa haijaungwa na ya majimbo mengine. Zaidi ya nyumba milioni nne zilikosa umeme, mabomba yalipasuka, na jimbo lilithibitisha vifo 246. Baadhi ya waliokufa walivuta moshi wa mkaa waliouwasha ndani, au wa gari lililokuwa likiunguruma katika gereji iliyofungwa. Kwa sisi tuliolelewa na jiko la mkaa onyo hili lina uzito wake: nyumba za hapa zimezibwa pande zote, hazipumui kama za kwetu, na gesi ya sumu iliyo katika moshi huo, kaboni monoksidi, haina harufu. Jiko libaki nje, na kifaa cha kutambua gesi hiyo ni dola chache tu. Baridi ikitangazwa, acha bomba lidondoshe maji polepole, na fungua makabati yaliyo chini ya sinki ili joto la nyumba lifikie mabomba.

Houston na pwani yake zina vimbunga. Harvey, Agosti 2017, kilishusha zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika baadhi ya sehemu, na nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kuwa ya hatari. Bima ya kawaida hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni tofauti, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo kuinunua kimbunga kikiwa baharini ni kujifariji bure. Kaskazini kuna tufani za kuzunguka, yaani tornado. King'ora kikilia Dallas Jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita mchana ni majaribio. Kikilia wakati mwingine wowote ingia chumba cha ndani kabisa kisicho na madirisha.

Hatua ya nane: Shule na sheria za jimbo

Anwani ya posta haikuambii wilaya ya shule. Nyumba yenye anwani ya Dallas inaweza kuwa ya wilaya ya Richardson, kwa hiyo ingiza anwani yenyewe kwenye tovuti ya wilaya, kisha tazama alama za A hadi F ambazo jimbo hutoa kwa kila shule. Ipo pia sheria ya 1997 ambayo wazazi wengi wahamiaji huigundua ikiwa imechelewa: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake huwa na nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo, ingawa cha Austin kina kiwango kikali zaidi. Kijana mwenye bidii anaweza kunufaika zaidi katika shule ya kawaida kuliko katika ile ya kifahari ambako nusu ya darasa wana alama zinazofanana.

Kuhusu bunduki, tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila kibali. Usibishane na dereva barabarani, na usiingie uwanja wa mtu kuuliza njia. Kuhusu ndoa, Texas inatambua ndoa isiyo rasmi: wawili waliokubaliana kuwa mume na mke, wakaishi pamoja jimboni na kujitambulisha hivyo kwa watu, ni wanandoa kisheria, na mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni ya wote wawili. Anayeishi kinyumba asidhani kwamba kuachana ni kubeba begi tu.

Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea azungumze na wakili kabla ya kuhama. Kuhamisha makazi kunaweza kuhamisha kesi kwenda mahakama nyingine, na mahakama za Houston na Dallas zina sifa ya kukataa maombi mengi ya hifadhi. Aidha, sheria ya jimbo ya 2017 inavitaka vyombo vya usalama vya kaunti na miji kushirikiana na maofisa wa uhamiaji, kwa hiyo kosa dogo la barabarani, kama kuendesha bila leseni, linaweza kuwa na matokeo makubwa kuliko katika jimbo ulilotoka.

Hatua ya tisa: Siku 90 za kwanza

Tarehe za mwisho zinafuatana hivi. Asiye raia wa Marekani anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, na mwenye kesi mahakamani aiarifu mahakama ndani ya siku 5. Gari lisajiliwe ndani ya siku 30, kwa kodi ya mkazi mpya ya dola 90 pamoja na ada nyingine; tangu Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa magari binafsi umefutwa, lakini kipimo cha moshi kimebaki katika kaunti za miji mikubwa. Leseni ya udereva ya jimbo jingine ibadilishwe ndani ya siku 90, na miadi uiombe wiki ya kwanza kwa sababu nafasi hujaa. Leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi moja kwa moja. Utafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani. Raia wajiandikishe kupiga kura kwa fomu ya karatasi, angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa kuwa jimbo halina usajili wa mtandaoni kwa mpiga kura mpya.

Tafuta pia chama cha watu wa kwenu na ujiunge na mfuko wa kuzikana mapema, kwa sababu mingi ina muda wa kungoja kabla mwanachama mpya hajahudumiwa, na kusafirisha maiti hadi Entebbe au Kilimanjaro kupitia Doha au Istanbul si gharama ya kuchangishwa kwa usiku mmoja. Hatimaye, fungua faili moja uweke mkataba wa pango, bili ya kwanza ya umeme na karatasi za mshahara. Chuo cha umma kitakapomtaka mwanao athibitishe kwamba familia imeishi Texas miezi 12 ili alipe ada ya mkazi, ni karatasi hizo watakazoziomba.